Bwana Shamba, Bibi Harusi na Kiti cha Mama

Mimi hutapika garini. Jambo hili nimelikana tangu nikiwa sekondari. Nilisema ni mayai, ni malaria, ni harufu ya dizeli, ni yule mama aliyekaa jirani na tenga la dagaa. Chuo kikuu nilimlaumu mpishi wa bwalo, na Mungu anisamehe, kuna mpishi mmoja alihojiwa kwa ajili yangu. Sasa nimevuka arobaini, mvi nazificha kwa kilemba, na safari ya Shinyanga na Geita imenianika mbele ya watu. Kwa hiyo ninyi mlioniuliza ilikuwaje nikaenda kumsaidia shemeji kuchagua gari nikarudi nimekonda, habari yenyewe ndiyo hii.

Wengine mtacheka kwa sababu mnakumbuka makala yangu ya kuwakejeli wakubwa na mashangingi yao ya viti saba. Chekeni. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya shangingi hata moja.

Uani kwa Karim, Shinyanga

Treni ilichelewa kwa sababu ya ng'ombe waliolala relini. Shemeji yangu Masanja, aliyekuja kunipokea, aliona hiyo ni sababu ya heshima kabisa na hakuuliza zaidi. Masanja ni mume wa mdogo wangu, Mama Kulwa. Wanaishi Geita, ambako huwauzia wachimbaji wa dhahabu magogo ya kuegemeza kuta za maduara, yaani mashimo yao. Ni mtu mrefu, mpole, asemaye neno moja pale wengine tunapotumia aya nzima.

Alichotaka kilikuwa wazi. Mama yetu anaishi Ushetu, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili; mtu akisimama mlangoni alimjua kwa kikohozi. Daktari bingwa wa macho hufika mara chache kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni upande wa Geita. Mara mbili alikuwa amefika, na mara zote mbili Mama alikataa kupanda basi. Alisema kuna vumbi, kuna fujo, atapoteza kandambili. Daktari alikuwa anatarajiwa tena mwezi uliofuata, na alikuwa ametuma neno kwamba jicho la kushoto halitasubiri sana. Hivyo Masanja aliamua kununua gari kubwa ambalo Mama hataweza kulikataa. Ng'ombe wake aliowaweka kijijini Didia walikuwa tayari kwenda kwa Karim, na Karim alikuwa tayari kutoa gari. Lakini lipi?

Karim ni mfanyabiashara ambaye babu yake alifungua duka la vitambaa Shinyanga kabla ya mama yangu kuzaliwa. Alinikuta langoni akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nami, ambaye Kisukuma kimenitoka, nikajibu kwa Kiswahili kama mgeni kutoka Ulaya.

"Shikamoo, Bwana Karim."

"Marahaba. Wewe ndiye dada msomi?"

"Ndiye mimi."

"Umesoma magari?"

"Nimesoma fasihi."

"Inafaa. Haya mawili yote yana hadithi."

Moja lilikuwa la Mwingereza, kijani kilichopauka, paa lake limeinuka kwa nyuma kama kibyongo. Karim alikuwa amelibatiza Bwana Shamba. La pili la Mjapani, jeupe, pana, limejaa kama mtu aliyeolewa vizuri. Hilo ni Bibi Harusi.

Karim alieleza kila moja kama mshenga asiye na upande. Bwana Shamba ana bodi isiyoshika kutu, hanywi mafuta sana, na akiharibika atatengenezwa kwa waya na maombi. Ila anavuja oili popote asimamapo, mikono ya milango yake hubaki mkononi mwako, na usukani wake ni mzito kama jiwe la kusagia. Bibi Harusi ana injini inayovuta bila kulalamika, ana kipoza hewa, na usukani unageuka kwa vidole viwili. Ila anakunywa. "Huyu," alisema Karim akimpigapiga Bibi Harusi ubavuni, "ukimpa lita moja anakuuliza nyingine iko wapi."

Tofauti kubwa ilikuwa nyuma, kwenye vile viti viwili vya mwisho vinavyofanya gari liitwe la watu saba. Vya Bwana Shamba ni vibenchi vinavyotazamana, unapanda kwa mlango wa nyuma na kukaa ubavu kama barazani. Vya Bibi Harusi vinatazama mbele, lakini hufiki huko mpaka ulaze kiti cha katikati upite kwa magoti, na ukishakaa sakafu iko juu kiasi kwamba magoti yanakugusa kidevu.

Karim alikuwa na sabuni na sukari ya kupeleka kwenye duka lake la Geita, akapendekeza twende na magari yote mawili, tukipitia Ushetu ili Mama ayajaribu. "Gari halijulikani uani. Linajulikana njiani." Yeye ataendesha moja, Masanja jingine, na watabadilishana.

"Na nani atakaa nyuma kabisa kupima?" aliuliza.

Masanja alijitazama miguu. Wote wawili wakanitazama mimi.

Shinyanga hadi Kahama

Nilianza na Bwana Shamba, kwenye kibenchi, uso kwa uso na gunia la sukari. Haki yake nimpe: nafasi ya kichwa ni tele, madirisha makubwa, unaiona nchi yote. Tatizo ni kwamba unaiona ikikupita kwa ubavu. Springi zake ni laini mno, na kila tulipokata kona alilala upande kama punda aliyefungwa mizigo vibaya. Tulipofika Tinde nilikuwa kimya, jambo ambalo Masanja alilitafsiri kuwa ni kutafakari.

Pale Tinde tulinunua mahindi ya kuchoma, na Karim akafungua hotpoti ya chapati alizopika mkewe, na achari ya embe. Nilikula chapati moja kwa adabu. Kisha nikahamishiwa Bibi Harusi, kiti cha nyuma kabisa, na hotpoti nikapakatishwa mimi.

Bibi Harusi hayumbi. Nilianza kuandika kichwani sentensi za kumsifu. Lakini kule nyuma unakaa juu ya ekseli, na kila shimo halikuyumbishi bali linakutupa. Kipoza hewa chote kiko mbele, kinawapepea wenye bahati. Mbele yako kuna migongo ya viti tu, kama kanisani ukiwa umechelewa. Baada ya Isaka nilitafuta dirisha. Dirisha la nyuma la Bibi Harusi hufunguka upana wa kidole. Nilitazama kushoto, kulia, kisha mapajani.

Hotpoti ilikuwa bado na chapati mbili ndani.

Karim alisimamisha gari. Masanja, aliyekuwa nyuma yetu na Bwana Shamba, naye akasimama akaja mbio.

"Shemeji, unaumwa?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli, barabarani, kukiwa na mashahidi wawili na mbuzi. Badala yake nikasema, "Nadhani ni chapati."

Karim alichukua hotpoti, akaisuuza kwa maji ya akiba ya injini, akaifunga, akairudisha garini. Alinyamaza Isaka hadi Kahama. Mimi nilidhani anahuzunikia viti vyake.

Ushetu

Kwa marafiki zangu wa pwani, lazima nieleze kitu ambacho sisi huku hatuelezani. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja ataona ghafla jambo la kuvutia porini. Si chuki. Ni heshima, na kadiri watu wanavyopendana ndivyo wanavyokwepana kwa bidii. Masanja na Mama wanapendana sana. Kwa miaka yote ya ndoa ile hawajawahi kuonana vizuri.

Kwa hiyo tulipofika, Masanja alizima gari mbali na nyumba, akateremka, akaenda kujitolea kuwasaidia wanaume waliokuwa wanachochea moto kwenye bani la tumbaku, kibanda cha kukaushia majani yake. Mama alitoka akipapasa ukuta, khanga kichwani. Salamu yangu aliipokea kwa mikono miwili usoni mwangu. Ndivyo alivyokuwa anatazama watu siku hizo.

"Umekonda," alisema vidole vyake vikiwa kwenye mashavu yangu. "Nani amekunyima chakula?"

Kesho yake asubuhi tulifanya jaribio. Mama alikubali kukaa ndani ya kila gari ili kutufurahisha. Kwenye vibenchi vya Bwana Shamba alikaa kama dakika ya sala, akashuka. Kwenye Bibi Harusi alipanda kiti cha katikati, nikakaa naye, na Masanja akaja kinyumenyume mpaka kwenye usukani, uso kautazamisha mihogo. Alipoketi aligundua hatari ambayo Mjapani hakuifikiria. Kioo cha ndani, kile cha kutazama nyuma, kilikuwa kinaleta uso wa mama mkwe wake moja kwa moja machoni pake. Akakishika, akakigeuza juu kikatazama paa.

Kisha akarudi nyuma ili ageuze gari.

Kuni za bani zilikuwa zimepangwa vizuri, wiki nzima ya kazi ya watu. Tulisikia zikiporomoka moja baada ya nyingine, taratibu. Masanja hakuweza kugeuka kuona amegonga nini, kwa sababu kugeuka ni kumwona Mama. Ikabidi nimweleze.

"Umegonga kuni, shemeji."

"Zote?"

"Zimebaki chache."

Mama alishuka akajifunga khanga upya. "Gari ni zuri," alisema. "Siendi."

Masanja alitumia siku iliyobaki kupanga kuni. Mimi nilimfuata Mama jikoni, nikiwa na hotuba kuhusu upofu na faida za sayansi. Alikuwa anakata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani, kwa kupapasa, kisu kikipita karibu mno na kidole gumba.

"Karim analalamika," alisema kabla sijaanza. "Amenieleza kwa Kisukuma ili wewe usielewe. Anasema umemtukana mke wake."

"Mimi?"

"Umesema chapati zake zinatapisha watu."

Ndipo nikaelewa ule ukimya wa Isaka.

"Zilikuwa na nini hizo chapati?" aliuliza Mama.

"Hazikuwa na kitu."

"Basi?"

Mbele ya mtu asiyekuona ni rahisi kidogo. "Ni mimi, Mama. Gari hunishinda. Tangu zamani."

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Hata mimi," alisema.

Nikamtazama. Alinikumbusha mazishi ya mkwe wa shangazi, ambako yeye alipelekwa kwa basi na kurudi kwa miguu, nasi tuliambiwa basi lilijaa. Halikujaa. Alikuwa ametapika mbele ya wakwe, kwenye khanga ya mtu, na aliapa kwamba hatapanda tena.

"Kwa hiyo si vumbi."

"Vumbi nimelizoea tangu nizaliwe."

"Na hakuna gari lolote lililokukubali?"

"Moja. Padri alinichukua kwenye lori la matofali, nikakaa mbele, upepo unanipiga usoni. Nikafika Kahama mzima, nikala na nyama."

"Basi utakaa mbele, Mama. Mbona rahisi?"

"Na anayeendesha ni nani?"

Nikachungulia nje; Masanja alikuwa anapanga kuni.

"Nikae bega kwa bega na Masanja, mkono wake unipitie magotini akibadili gia? Au nikae nyuma nimtapikie kisogoni? Mtoto wa watu anauza ng'ombe." Alifuta kisu kwenye khanga. "Heri nishikwe fimbo nitembezwe. Na wewe usimwambie. Ukimwambia sitakusamehe."

Mtaniuliza kwa nini sikumwendesha mwenyewe. Kwa sababu nina shahada mbili na siwezi kuendesha hata baiskeli. Na Karim alikuwa na duka linalomsubiri. Mwezi wa daktari asingekuwepo.

Nilimkuta Karim akijaza maji Bwana Shamba. "Chapati zilikuwa nzuri," nilisema. "Kasoro ni mimi, si mkeo. Kila gari nalitapikia."

"Najua zilikuwa nzuri," alisema. "Mbona hukusema? Ningekukalisha mbele."

Kakola hadi Geita

Tuliondoka bila Mama. Masanja alikuwa ameshaamua: kama Mama haendi, basi achukue Bwana Shamba, ambaye angalau hanywi mafuta sana na angefaa kubebea magogo. Nami nilikuwa na siri niliyokatazwa kuitoa. Nilikaa kiti cha mbele, mzima kama simba, nikiyatazama magari yale kwa jicho jipya. Sikujali tena springi wala injini. Nilikuwa natafuta dereva.

Baada ya Kakola mvua ilikuwa imepita kabla yetu. Bwana Shamba, mwepesi, alivuka tope akitingisha makalio. Bibi Harusi aliingia kwa heshima zote akazama mpaka kwenye milango. Hiyo ndiyo dosari yake nyingine: akikwama, anahitaji kijiji kizima.

Kijiji kilikuja, wote wachimbaji, wekundu kwa udongo wa maduara. Walisukuma, wakaimba, Bibi Harusi akatoka. Kisha mmoja wao, jamaa wa makamo mwenye koti la suti bila shati, akafungua kitambaa akanionyesha kipande cha jiwe.

"Mama bosi, hii inawaka. Itazame tu."

"Sisi hatununui dhahabu, kaka."

"Wote mnasema hivyo kwanza. Gari mbili kubwa za nini?"

"Tunachagua moja."

"Ya kubebea nini?"

"Mama yangu."

Walitazamana. "Mama yako ana uzito gani?" aliuliza yule wa koti, na wenzake wakaangua kicheko. Lakini nilipowaeleza habari ya macho waliacha kucheka. Yule wa koti alifunga jiwe lake. "Mimi wa kwangu alikataa baiskeli yangu mpaka akafa," alisema. "Wazee wetu wana yao. Msimuulize gari lipi. Muulizeni nani."

Nilimpa kipande cha sabuni ya Karim. Alistahili katoni.

Geita, mdogo wangu alitupokea kwa ugali wa mtama na maziwa mgando, na mimi nikala kama mtu aliyeachiwa kutoka gerezani. Mama Kulwa ni mfupi, ana mikono ya mtu anayepakia magogo, kwa sababu anapakia magogo. Nilimtazama akinyanyua sufuria kwa mkono mmoja, neno la yule mchimbaji likagota mahali pake.

"Shemeji," nilimwambia Masanja, "hebu mkeo ajaribu usukani. Kwa mchezo tu."

"Mama Kulwa?"

"Si nimekuja kupima? Lazima nipime na mtu mfupi."

Karim alinitazama, akatazama juu, kisha akachukua funguo bila kuuliza. Nadhani alishaelewa yote; mtu mwenye Kisukuma kama kile hafichwi mengi.

Walianza na Bwana Shamba, uwanjani nyuma ya magogo. Mdogo wangu aliuning'inia ule usukani kama mtu anayechota maji kisima kirefu. Miguu ilifika kwenye klachi akiteleza, na akiteleza haoni mbele. Gari liliruka, likazimika, likaacha oili. "Hili lina kiburi," alisema.

Bibi Harusi alikuwa na kiti kinachosogea mbele na kupanda juu. Mama Kulwa alikivuta, akaweka na khanga iliyokunjwa chini yake, akageuza usukani kwa mkono mmoja. Alizunguka uwanja. Akazunguka tena. Mara ya tatu alitoka langoni akapotea, tukabaki tunasikiliza injini ikienda mbali na kurudi.

Masanja alisimama mikono nyuma. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona fahali wake amejifungua.

"Yeye akiendesha," alisema taratibu, "mimi nakaa wapi?"

Nilisema tu, "Mwambieni Mama kwamba Mama Kulwa ndiye dereva, kisha mnyamaze."

Tukaachana hivyo. Bibi Harusi alibaki Geita kwa Mama Kulwa kujifunza, leseni na mambo yake nayaruka. Ng'ombe walibaki Didia. Kama Mama akipanda, Karim atawachukua. Asipopanda, Masanja atamrudisha Bibi Harusi na kuchukua Bwana Shamba wa magogo, na jicho la Mama litakwenda zake. Karim alinirudisha Shinyanga kwa Bwana Shamba, kiti cha mbele. Tulipofika, mkewe akanipikia chapati mpya, akazitia kwenye hotpoti ileile. Nilizimaliza zote.

Dar es Salaam, kwenye simu

Mwezi wa daktari ulifika. Sikuandika kitu, sikusoma kitu. Kila simu ilipolia kwa jirani nilifungua mlango wangu. Hatimaye ikalia kwangu, alasiri, sauti ya mdogo wangu ikikatikakatika kutoka ofisi ya masista.

"Dada, tumefika."

"Na nani?"

"Na Mama. Nimemtoa Ushetu mwenyewe. Amekaa mbele na mimi, ananiambia punguza mwendo njia nzima, wala haoni."

Nilikaa chini sakafuni. "Na shemeji?"

Alishusha sauti. "Alikataa kubaki. Alisema tukikwama nani atasukuma. Akaenda kukaa kile kiti cha nyuma kabisa, akamgeuzia Mama mgongo, magoti kidevuni, anatazama tulikotoka. Dada, kabla hata ya Kakola..."

"Usiseme."

"Kwenye kofia yake. Ile nzuri." Alikuwa anajizuia kucheka. "Ngoja, Mama anataka simu."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi. Mama huzungumza na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwanangu."

"Shikamoo, Mama. Safari ilikuwaje?"

"Nzuri. Nimekaa kama mkuu wa wilaya. Nimekula nyama."

"Hukutapika?"

"Nani atapike?"

"Nasikia huko nyuma kuna mtu..."

Mama alinikatiza.

"Mwambie Karim akachukue ng'ombe wake," alisema Mama. "Na hayo ya huko nyuma mimi siyajui. Macho napasuliwa kesho. Leo bado sioni."